Mchezo Mmoja kwa Siku Kumi

Jumatatu, 26 Februari 1912

Mimi ni Mdoe wa Sindeni. Maneno ni yangu, mkono ni wa Raheli, mjane wa Kishambaa anayefua nguo za Bwana. Yeye alisoma misheni kule milimani. Mimi sikusoma popote. Nikitazama herufi naona nyayo za kuku. Lakini mke wangu Mwantumu, kila nikirudi nyumbani na habari, hata sijakaa, ananiambia, "Mdoe, umeanza." Basi safari hii habari zinaandikwa siku ileile, na mtu asiyejua kudanganya. Raheli mchuzi ukimshinda mtu atasema umemshinda, na mpishi amekaa hapohapo.

Nimemwambia tuanze na siku garimoshi la kwanza lilipofika Korogwe, dereva akashuka kuniuliza njia. Amekataa kuandika. Anasema, "Mzee, reli ina njia moja tu, alikuuliza nini?" Tumeanza vibaya.

Haya. Tuko shamba la mkonge la Bwana Kettner, mwendo wa saa moja kutoka stesheni. Vijana kumi wa Sindeni wako hapa kwa kipande, ile karatasi ya siku thelathini za kazi ambayo kila mwanamume lazima aijaze. Siku ambayo mafungu ya mkonge hayakutimia, nyapara haiandiki. Kwa hiyo thelathini ya karatasi ni hamsini ya jua. Mimi ni wa kumi na moja, lakini mimi sikati mkonge. Mimi ni wa kiwanja.

Kiwanja ni cha tenisi. Nilikijenga mimi mwaka jana. Bwana alitaka ardhi ngumu, akaleta fundi kutoka Tanga, fundi akamwaga mchanga, mvua moja ikaubeba mpaka mtoni. Ndipo nikasema, nipeni udongo wa kichuguu. Tulivunja vichuguu saba, tukausaga, tukaumwagia maji, tukaupiga kwa mbao kama sakafu ya nyumba ya bwana harusi. Leo ukiangusha yai pale linakurudia mkononi.

Raheli ameacha kalamu. Basi, halikurudii. Lakini linapasuka vizuri.

Alhamisi, 29 Februari

Jua. Mvua hakuna.

Jumamosi, 2 Machi

Jumamosi ndiyo siku yangu ya mistari. Raheli anashika ncha ya kamba kwenye nguzo ya wavu, mimi navuta mpaka fundo lilipo, napita na chokaa. Kamba ni ya mkonge, nimeisokota mwenyewe, mafundo nimeyafunga mbele ya Bwana akiwa na futi yake. Miezi saba sasa. Ile mistari naijua kama kizingiti cha mlango wangu, naweza kupita gizani nisikanyage.

Lakini nachora kwa ajili ya nani? Bwana Dressel wa shamba la jirani, aliyekuwa akija kucheza kila Jumapili, yuko kitandani na homa. Bwana wetu hana wa kucheza naye. Anapiga mpira ukutani kwa stoo, tap, tap, tap, tangu saa tisa mpaka jua linazama. Mtu mzima amevaa nyeupe juu mpaka chini, anagombana na ukuta. Na ukuta unamshinda.

Jumatano, 6 Machi

Mawingu upande wa Handeni. Meusi. Vijana wote waliacha mkonge wakasimama kuyatazama, Muhidini nyapara akapiga kelele, "Mnatazama nini, mmeweka nini huko juu?" Yakapita.

Amefika muuza tumbaku kutoka kwetu, ana salamu za Mwantumu. Mashamba yamekwisha kufyekwa, wanawake wamefyeka peke yao. Mbegu za mahindi ziko darini, mtama uko kwenye kibuyu. Mwantumu anauliza tunakuja lini kulima. Anasema mwaka jana tulichelewa wiki mbili tu, nani amesahau tulichokula.

Hakuna aliyesahau. Tulikula mizizi ya porini inayochemshwa mara tatu, na mara ya tatu bado inawasha koo. Mpwa wangu Mhina mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwezi ule. Akakaa siku tisa.

Jioni Mhina na wenzake walikwenda kwa Muhidini kuomba ruhusa. Si kukimbia kazi, ni kwenda kupanda na kurudi. Siku kumi tu. Muhidini akasema, "Mvua ikinyesha mkonge unakua. Mkonge ukikua unakatwa. Ruhusa ya nini?"

Alhamisi, 7 Machi

Walikwenda kwa Bwana mwenyewe. Bwana alisema kipande ni kipande. Hakukasirika, alikuwa akitazama raketi yake.

Jumapili, 10 Machi

Raheli, andika polepole, leo ni kubwa.

Bwana alikuwa na ukuta wake. Mimi nilikuwa nimekaa nikiokota mipira. Mpira mmoja ukaruka ukaja usoni kwangu, nikaudaka kwa mkono mmoja bila kuinuka. Hii ni kweli, Raheli alikuwa anaanika mashuka, aliona. Bwana akasema, "Mzee, una jicho."

Sasa mimi mtu akiniambia nina jicho, mdomo unajifungua wenyewe. Nikamwambia jicho hili lilikuwa likidaka marungu ya Wamasai hewani, nikiyarudisha kwa wenyewe, mpaka wakaona aibu wakahamia Kilimanjaro. Nikamwambia hicho kitu chake chenye nyuzi, kama ungo wenye mkia, kwetu tunawapa wazee wafukuzie nzi. Nikamwambia anashindwa na ukuta kwa sababu ukuta hauna haraka na yeye ana haraka.

Hapo alicheka. Bwana Kettner akicheka masikio yanakuwa mekundu. Akasema, "Vizuri. Jumapili ijayo nina wageni. Utacheza na mimi mbele yao."

Nikasema, "Nikikushinda je?"

"Hunishindi."

"Nikipata mchezo mmoja tu? Kati ya yote?"

Akauliza nataka nini, blanketi? Nikamwambia, blanketi ninalo. Wape vijana wa Sindeni siku kumi wakapande.

Akanitazama sana. Halafu akanyoosha mkono, kama mtu na mtu. "Mchezo mmoja," akasema, "siku kumi. Mvua au jua, Jumapili ndiyo Jumapili. Ila kiwanja kiwe kikavu. Kwenye matope sichezi."

Nimerudi kambini nikiwa mkubwa kama nyumba. Nikawaambia vijana. Nilidhani watanibeba.

Mhina akasimama. "Mjomba, umefanya nini?"

"Nimewaombea ruhusa."

"Umeiweka mbegu yetu kwenye mdomo wako. Mdomo wako, Mjomba! Umewahi kushika kile kitu?"

"Nimekishika mara nyingi."

"Ukikipangusa vumbi!"

Wakacheka, lakini si kicheko cha kunipenda. Mmoja akasema basi ndiyo imekwisha, tutakula mizizi tena, mzee atatuletea chumvi. Nimekuja kukaa hapa kwa Raheli.

Jumatatu, 11 Machi

Joto la kukosesha pumzi. Sisimizi wanahamisha mayai. Nimeshika raketi kuukuu Bwana aliyonipa, nimepiga mpira mmoja. Umeingia kwenye kisima.

Jumanne, 12 Machi

Raheli ndiye ananirushia. Sikumwomba. Alikuja na kikapu cha sabuni kichwani, akanikuta napiga hewa, akasimama kama anayetazama msiba. "Mzee," akasema, "unapiga kama unaua nyoka."

"Ndivyo tenisi inavyopigwa."

"Bwana ndivyo anavyopiga. Bwana ana miaka thelathini na miguu mirefu. Wewe rudisha tu. Mpira ukija, urudishe. Yeye atataka kumaliza haraka, atakosea mwenyewe."

Nikamuuliza tenisi alifundishwa na padri gani. Akasema alikaa miaka sita akilinda shamba la mahindi la baba yake, akirusha mawe kwa nyani, na nyani hashindwi kwa nguvu, nyani anashindwa kwa kuchoshwa. Halafu akanitupia mpira. Mama yangu! Mwanamke huyu akisema atakupiga kwenye kitovu, ni kitovu.

Nilikuwa namwona mtu wa kujitia utakatifu, mdomo umebana kama mfuko wa ugoro. Leo amenipiga kitovuni mara nne na mara ya nne alicheka.

Jumatano, 13 Machi

Nimerudisha mipira kumi na moja mfululizo. Raheli anasema saba. Andika tisa.

Amekataa. Saba.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua.

Imeanza alfajiri, ya kishindo, ya kwanza ya masika. Harufu ya ardhi ilifika ndani ya vibanda kabla ya maji. Vijana kumi walikaa milangoni wametoa mikono nje, maji yanawapiga viganjani. Kule Sindeni ardhi inafunguka saa hii na hakuna mtu wa kuitia mbegu ila wanawake na jembe mojamoja.

Mhina ameniambia, "Unaiona hiyo, Mjomba?" Nikasema naiona. Akasema, "Na kiwanja chako je?"

Kiwanja changu ni ziwa.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua mpaka mchana. Bwana alipita na mwavuli, akatazama kiwanja, akasema, "Pole, mzee. Labda Aprili."

Aprili! Nilitaka kumrushia kitu. Nimetembea kutoka stoo mpaka kisimani, kutoka kisimani mpaka stoo, sijui mara ngapi. Mguu hautulii. Raheli amesema niketi namtia kizunguzungu. Nimemwambia kiwanja ni sakafu tu. Akasema ndiyo, ni sakafu. Nikasema sakafu ikilowa nyumbani tunafanya nini?

Tukatazamana.

Jumamosi, 16 Machi

Kumekucha mbingu nyeupe, hakuna mvua. Nikakwenda kambini nikawaamsha wote. Nikasema amkeni, tunakwenda kupiga sakafu.

Mmoja akasema, "Sakafu hupigwa na wanawake." Nikamwambia basi kalete mkeo kutoka Sindeni, mwambie alale njiani kwa sababu ni mbali. Mhina ndiye aliyeinuka kwanza. Hakuniangalia, alichukua tu ubao.

Tulifanya hivi. Maji tuliyakusanya kwa vibuyu. Tope tuliligeuza kwa jembe juujuu. Majivu tulitoa kwenye majiko yote ya kambi, na jiko la Bwana, na tanuru la kufulia la Raheli, tukamwaga nyeupe kote. Halafu tukapiga. Wanaume kumi wamechuchumaa mstari mmoja, mbao mkononi, pa, pa, pa, wanarudi nyuma kidogokidogo kama wanawake wa harusi. Mwanzoni waliona haya. Wakata mkonge wengine walikuja kuwazomea, "Bibi harusi yuko wapi? Na mimi nimwoe!" Mhina akawajibu, "Bibi harusi ni Mjomba, mtazameni alivyo mzuri." Basi wakaanza na nyimbo, zile zenyewe za wanawake, za kumsema mkwe. Hata wazomeaji wakachukua mbao.

Muhidini alikuja na kiboko chake. Nikajua leo ni hamsa ishirini, viboko ishirini na tano, kwa kila mtu. Alisimama sana. Halafu akasema, "Pale kwenye kona pamebonyea," akaenda zake.

Saa tisa ikawa kavu, ngumu, lakini ina nyufa na vumbi la majivu. Sakafu haiachwi hivyo. Hakuna mtu wa kwetu anayeacha sakafu hivyo, ni kama kumvika mtu nguo ukasahau kumfunga vifungo. Raheli mwenyewe akasema, "Bado kusiliba." Tukaenda kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa wa Bwana, tukapata samadi mbichi, tukaikoroga na maji, tukasiliba kiwanja chote kwa viganja, kona mpaka kona, kwa upinde upinde kama mawimbi. Kimeng'aa. Kijani kibichi. Nimejenga vitu vingi maishani, nilijenga nusu ya daraja la Ruvu, mto wetu huu wa Korogwe, peke yangu, Raheli andika tafadhali, lakini kizuri kama hiki sijajenga.

Jumapili, 17 Machi

Kesho alfajiri tunaondoka, kwa hiyo nasema upesi na Raheli anaandika upesi, tumekaa kwenye banda la kufulia na mvua inapiga bati.

Saa tisa wageni walifika. Bwana Dressel amepona, njano kama papai. Mzungu mwingine mnene sijui wa wapi, na mkewe ana mwavuli wa kitambaa. Walikuja wakicheka. Walipofika kwenye pembe ya stoo kicheko kikakatika. Mama yule akatoa leso akaziba pua.

Bwana Kettner alisimama ukingoni. Akatazama viatu vyake vyeupe. Akatazama kiwanja. Masikio yakawa mekundu lakini hakucheka.

"Mdoe. Hii ni nini?"

"Ni kavu, Bwana."

"Hii ni mavi."

"Imesilibwa, Bwana. Kwa heshima ya wageni."

Nyuma yangu shamba zima lilikuwa limesimama, wakata mkonge wote, na vijana wangu kumi mbele, viganja bado vya kijani. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kwao wenzetu hawasilibi. Mwaka mzima nimeingia na kutoka kwenye nyumba ya mbao ya mtu huyu, na sikuwaza hata siku moja sakafu yake inasilibwa na nini. Haisilibwi na kitu! Nilidhani namvisha bibi harusi, kumbe nimempaka.

Bwana akasema, "Hakuna mchezo."

Mhina akafumba macho.

Nikasema, "Bwana, ulisema kiwe kikavu. Hukusema kinuke nini."

Hapo Bwana Dressel, yule wa homa, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo. Akamwambia mwenzake maneno ya Kijerumani, mafupi. Naapa aliyasema kama mtu anayesema, ulimpa mkono. Bwana akachukua raketi yake.

Mchezo mmoja ni pointi nne. Wanahesabu kumi na tano, thelathini, arobaini, halafu umekwisha; kwa nini si arobaini na tano niliwahi kumuuliza Bwana, hata yeye hajui. Michezo sita ndiyo inamaliza. Mimi nilitaka mmoja tu.

Wa kwanza sikuuona. Nilisikia tu upepo. Wa pili niligusa mpira mara mbili, watu wakashangilia kama nimeua simba. Wa tatu nikaanza kuona. Samadi ilikuwa haijakauka sana chini ya jua lile la mawingu, mpira ukianguka haupandi, unateleza chini chini. Na Bwana viatu vyake vina soli laini. Akikimbia anateleza. Mimi nina vidole kumi vya miguu na vyote vilikuwa vimeshika sakafu niliyoipiga mwenyewe. Alianguka mara moja kwa goti, ile suruali nyeupe. Nilimsikia Raheli nyuma akisema, "Yesu," maana ndiye atakayeifua.

Wa tatu alichukua. Wa nne alichukua. Wa tano nilifika arobaini nikapoteza. Sasa nilikuwa nahema kama ng'ombe wa kupandishwa mlima. Sikuwa na neno la kusema, na watu wanaonijua waliogopa kuliona hilo. Mhina akasogea mpaka ukingoni. "Mjomba," akasema taratibu, "rudisha tu."

Wa sita. Wa mwisho. Mawingu yameshuka mpaka juu ya mkonge, ngurumo upande wa Mkata. Bwana anapiga kumaliza, mimi narudisha. Anapiga, narudisha. Akapiga nje. Akapiga kwenye wavu. Akanipita mara tatu. Akateleza. Arobaini kwa arobaini, na hapo lazima upate mbili mfululizo. Nikapata moja kwa wavu, mpira ulipanda juu ya kamba ukakaa kama unafikiri, ukaangukia upande wake.

Moja tena.

Alipiga kwa nguvu zake zote. Sijui niliufikiaje. Niliupiga juu, juu kabisa, mpira mweupe umegeuka kijani ndani ya mawingu meusi, na matone ya kwanza ya mvua yakaanza kuanguka pamoja nao. Bwana alirudi nyuma, akauacha, akiona unatoka. Ukaanguka mwisho wa kiwanja, pa, ukaacha alama kwenye samadi kama kidole kwenye unga.

Bwana Dressel akauliza kwa Kiswahili, "Ndani au nje?"

Wote tukatazama chini kutafuta mstari.

Mstari haukuwapo. Tulikuwa tumeusiliba. Yote, kona mpaka kona, kwa viganja vyetu, na watu kumi na moja hakuna hata mmoja aliyekumbuka chokaa.

Bwana akanigeukia. Mvua inaanza kupiga kwa nguvu, yule mama amekwisha kukimbia na mwavuli wake. "Wewe ndiye unayechora," akasema. "Ndani au nje?"

Nilikuwa nimesimama juu ya ile alama. Nimesema naujua ule mstari kama kizingiti changu. Ilikuwa nje. Vidole viwili nje.

Raheli amesimamisha kalamu. Andika. Hiki ni kitabu changu, na kiwe na hilo.

Maisha yangu yote nimesema uongo wa bure. Wa marungu, wa garimoshi, wa daraja. Haukuwahi kumlisha mtu wala kumnyima mtu. Sasa ulikuwa na bei ya mtama wa nyumba kumi, na ulimi ulikuwa mzito kinywani kama si wangu. Nikatazama viganja vya Mhina.

"Ndani," nikasema.

Bwana akatikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. "Mdoe, wewe ni mwongo. Kila mtu anajua." Akatazama huku na huku, maji yanamtiririka puani. "Raheli! Wewe unashika kamba. Njoo hapa. Wewe ni Mkristo. Ndani au nje?"

Akaja na mashuka begani, aliyokuwa akiyaanua. Akainama akaitazama ile alama. Maji yalikuwa yamekwisha kuingia ndani yake. Aliitazama kwa muda ambao ningeweza kutembea mpaka Handeni.

"Ndani, Bwana," akasema.

Bwana akanipa mkono, mkono wenyewe una samadi, wangu pia. "Siku kumi," akasema. Akakimbilia nyumbani.

Vijana walipiga kelele mpaka Muhidini akafunga masikio. Walinibeba. Nilipokuwa juu nilimtafuta Raheli, alikuwa amekwisha kurudi bandani.

Sasa tumekaa naye hapa. Sikumuuliza. Nimemwambia tu, asante, mwanangu. Amesema, "Mzee, usiniambie asante," na macho yake si mazuri.

Ijumaa, 29 Machi

Tulirudi jana, wote kumi na mmoja, hakuna aliyebaki nyuma. Sindeni tulifika siku ileile tuliyoondoka, usiku kuingia, tumevuka Ruvu kwa mtumbwi na maji yanapanda. Tukapanda siku saba mfululizo, mvua ya asubuhi, jua la mchana, kama imeagizwa. Siku ya kuondoka mahindi ya kwanza yalikuwa yamechomoza, majani mawili mawili. Mhina alinishika mkono akanipeleka kuyaona, akapiga magoti akayafukulia udongo na kidole. Hatukusema kitu. Mimi!

Mwantumu nilimsimulia. Alisema, "Mdoe, umeanza." Lakini alinipakulia mara mbili.

Raheli amekonda. Watu wanasema hakwenda ibada Jumapili iliyopita, anasema ana nguo nyingi. Nimemwuliza kama anaumwa. Amesema haumwi.

Jumamosi, 30 Machi

Kiwanja kimekauka. Nilipokuwa Sindeni Bwana aliagiza samadi ikwanguliwe na mistari ichorwe upya, na kwa kuwa mimi sikuwapo Raheli aliichora peke yake. Leo chokaa imefifia, ni zamu yangu kupitia.

Nimefunga kamba kwenye nguzo ya wavu kama kawaida. Nikavuta mpaka fundo, mpaka kwenye mstari wa mwisho, upande ule wa Bwana.

Fundo halikufika. Mstari wake uko nje zaidi, umelipita fundo. Nikaweka vidole. Viwili, labda na nusu.

Nikageuka. Alikuwa anaanika suruali, amenipa mgongo.

"Raheli," nikasema, "kamba imefanya nini hapa?"

"Ni mvua, Mzee," akasema bila kugeuka. "Kamba ya mkonge ikilowa hurefuka."

Kamba ya mkonge ikilowa hufupika. Hakuna mtu katika shamba hili asiyelijua hilo, kuanzia Bwana mpaka mbwa wake.

Anaandika haya na hainui kichwa. Nilimwuliza, kesho utakwenda ibada? Akasema, nafikiri nitakwenda.

Nililifungua fundo langu la miezi saba, nikalifunga upya pale mstari wake ulipo. Kisha nikachukua chokaa nikapita juu yake, taratibu, nisiupinde.